Fundi wa Paris na Rula Iliyochelewa

Filamu ninayotaka kuihakiki hapa ni fupi mno. Haina sauti wala rangi, na karibu kila anayeitazama anajua mwisho wake kabla haijaanza. Ilipigwa mjini Paris asubuhi ya tarehe 4 Februari, 1912, siku ya baridi kali. Inamwonyesha Franz Reichelt, fundi cherehani wa nguo za kike, mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Ufaransa na kuchukua uraia wa huko. Amevaa vazi alilolibuni na kulishona mwenyewe ili liwe parachuti, yaani mwavuli wa kumshusha mtu salama kutoka angani. Anajizungusha mbele ya kamera taratibu, kama mteja anayepimishwa koti jipya. Kisha tunamwona katika ghorofa ya kwanza ya mnara wa Eiffel, mita 57 kutoka ardhini, amepanda juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza, na mguu mmoja ameutanguliza ukingoni. Anasita. Kusita huko kunachukua kiasi cha sekunde 40, na katika filamu fupi kama hii sekunde 40 ni umri mzima. Halafu anajirusha. Kamera nyingine, iliyokuwa imetegwa chini, inamfuata mpaka ardhini.

Siku hizi filamu hii imo katika simu za vijana, nami nilionyeshwa na mjukuu wangu. Nimeona kwamba watazamaji hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hucheka, na likimaliza kucheka hutoa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kundi la pili huvua kofia kwa heshima na kusema kuwa huyu alikuwa shujaa, kwamba maisha yalikuwa yake na alikuwa na haki ya kuyatumia apendavyo. Mimi, ndugu msomaji, sikuweza kukaa katika kundi lolote kati ya hayo mawili, na sababu zangu nitazieleza.

Kwanza, Reichelt hakuwa mpumbavu. Wakati ule ndege zilikuwa kitu kipya na marubani walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Miavuli ilikuwako tangu zamani. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka kwa mwavuli kutoka kwenye puto hapo hapo Paris mwaka 1797. Lakini mwavuli wa puto ulining'inia tayari juu ya mrukaji, na haukumfaa rubani aliyebanwa katika kiti chake. Mwaka 1911 Kanali Lalance wa klabu ya warushaji ndege ya Ufaransa aliahidi faranga 10,000 kwa atakayebuni mwavuli wa kuvaliwa na rubani, usiozidi uzito wa kilo 25. Fundi cherehani kujiingiza katika jambo hilo si kichekesho hata kidogo. Nani anajua kitambaa kuliko yeye? Wanaomcheka wanamcheka kwa sababu ya cherehani yake, na mtu aliyefundisha watoto wa mafundi na wavuvi kwa zaidi ya miaka 30 hawezi kuvumilia kicheko cha namna hiyo.

Tena alifanya majaribio. Alitupa masanamu kutoka ghorofa ya tano ya nyumba aliyokuwa akiishi. Mabawa yake ya mwanzo ya hariri, yaliyokuwa mepesi, yalishuka vizuri. Lakini kila alipojaribu kuyageuza yawe vazi la kuvaliwa na binadamu, sanamu zilianguka kama mawe. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, na hapo ndipo filamu inapotunyima kila kitu. Reichelt hakukubali kwamba vazi lake lilikuwa na kasoro. Alisema tatizo ni ufupi wa kimo. Kwamba akipewa mahali pa juu zaidi, vazi litafunguka. Walimu wenzangu wanamjua mwanafunzi wa aina hii. Amefeli jaribio la mwezi, amefeli jaribio la muhula, naye anaomba apelekwe moja kwa moja kwenye mtihani wa taifa, maana huko ndiko uwezo wake utakakoonekana.

Polisi wa Paris walimpa ruhusa ya kutumia mnara, na baadaye mkuu wao, Louis Lépine, alisema ruhusa ile ilikuwa ya kurusha sanamu tu. Asubuhi ile marafiki zake walimsihi atumie sanamu, wakamwambia nafasi nyingine za kuruka mwenyewe zitapatikana. Alikuwapo pia bwana mmoja aitwaye Hervieu, ambaye alikuwa amewahi kujaribu mwavuli kwenye mnara ule ule kwa kutumia sanamu. Huyu hakumwambia Reichelt habari za woga wala za mke na watoto. Alimpa hoja ya kifundi: mwavuli huu unahitaji muda mrefu zaidi kufunguka kuliko muda utakaoupata kutoka hapa hadi chini. Reichelt alitupa kipande cha karatasi kupima upepo, akawaaga wenzake kwa uchangamfu, akapanda kitini.

Hilo ndilo lawama langu kubwa kwa filamu. Hervieu hayumo. Ruhusa haimo. Sanamu zilizoanguka hazimo. Tunaonyeshwa uso, vazi, kusita na kuanguka, basi, na kwa kuwa tumeonyeshwa hayo tu tunadhani kwamba suala zima lilikuwa la moyo wa mtu: je, ataruka au hataruka? Wapiga picha waliweka kamera mahali ambapo ushujaa huonekana, wala hawakuweka yoyote mahali ambapo hesabu hufanywa. Nakiri hesabu haipigiki picha vizuri. Hata hivyo sinema nyingi za warukaji zilizofuata, hata zile za rangi kutoka Hollywood za miaka ya 1990, zimerithi kasoro hii hii. Mrukaji ni moyo na macho tu. Mwavuli wake hutokea mgongoni kama vile umeota wenyewe.

Lakini kuna kipande kimoja cha mwisho ambacho, nadhani bila kukusudia, kinaikosoa filamu nzima. Mwili ukiisha kuondolewa, tunaona watu wameinama juu ya shimo lililoachwa ardhini. Mmoja ana rula. Wanapima kina cha shimo! Nilipokiona mara ya kwanza nilichukia, nikaona ni ukosefu wa adabu kwa marehemu. Nilipokirudia niliona kuwa hiki ndicho kipimo pekee kinachofanyika katika filamu yote, na kwamba kimekuja wakati hakimfai tena mtu yeyote.

Kwa kipimo hiki nataka kuwahukumu pia warukaji wa leo, maana wapo wengi, na mchezo huu umekuwa ukichezwa hata Diani, kusini mwa Mombasa, ambako watalii huruka wakiwa wamefungwa kifuani mwa mwalimu. Miavuli ya siku hizi si ile ya duara ya askari tuliokuwa tukiwatazama kwenye sherehe za kitaifa. Tangu Domina Jalbert abuni mwavuli wenye umbo la bawa katika miaka ya 1960, mrukaji hashuki tu, anaruka mbele, anakata kona, na lazima atue kama ndege inavyotua. Mmarekani Bill Booth akabuni pete tatu zinazomwezesha mrukaji kuuachia haraka mwavuli uliokataa na kuutumia wa akiba. Mwaka 1991 Wajerumani wakaanza kuuza kifaa kidogo cha elektroniki kinachoufungua mwavuli wa akiba chenyewe, ikiwa mrukaji amefika kiasi cha mita 225 kutoka ardhini naye bado anaporomoka kwa kasi. Zingatia tarakimu hiyo. Chombo kilichobuniwa kuwa tumaini la mwisho hufanya kazi mahali palipo juu mara nne hivi ya pale alipoanzia Reichelt.

Ungedhani basi kifo kimekomeshwa. La. Sehemu kubwa ya wanaokufa katika mchezo huu wamekufa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka bila kasoro yoyote. Waliuchagua mdogo mno kwa uzoefu wao, au walikata kona kali karibu mno na ardhi. Hesabu yake ni ya darasa la tano. Chukua uzito wa mrukaji pamoja na vifaa vyake kwa ratili, ugawe kwa eneo la mwavuli kwa futi za mraba. Mtu wa ratili 200 chini ya mwavuli wa futi 200 anapata moja, na anayeanza hushauriwa asivuke hapo. Mtu huyo huyo akinunua mwavuli wa futi 100 anapata mbili, na kosa dogo la mkono ambalo katika ule mkubwa lingemchubua goti, katika huu linamuua. Kwa nini basi anaununua? Kwa sababu unakwenda mbio, na kwa sababu wenzake wanao.

Booth huyo huyo ana kauli mashuhuri miongoni mwa warukaji: kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama ndivyo watu wanavyozidi kujitia hatarini, hata idadi ya vifo ibaki pale pale. Ni kauli ya mtu mwenye akili, na kwa muda ilielekea kuwa kweli. Lakini mimi naikataa kama sheria. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, wastani wa vifo ulizidi 40 kwa mwaka. Mwaka 2023 walikufa watu 10, katika miruko inayokaribia milioni tatu na laki saba. Binadamu anaweza kufundishika. Ningekuwa siamini hivyo ningekuwa nimekula mshahara wa bure miaka yote ile chuoni.

Sasa turudi kwa wale wasemao, maisha ni yake mwenyewe. Ni kweli, na sitaki serikali ipande kila mnara kuwashika watu miguu. Reichelt alikuwa mtu mzima wa miaka 33, mwenye akili timamu. Lakini naona maneno hayo husemwa zaidi na wale wanaotaka kunawa mikono: mwenye kutoa ruhusa bila kwenda kutazama, muuzaji anayemkabidhi kijana mwavuli wa futi 100, rafiki anayejua na kunyamaza. Nikiwa mkuu wa chuo, wazazi walinitia sahihi karatasi za safari nyingi. Sahihi ile haikuwahi kunizuia kuwahesabu wanafunzi kabla ya kuvuka mto na baada ya kuvuka. Hervieu hakuwa na karatasi yoyote, na hakuwa na mamlaka ya kumzuia mtu. Alitimiza wajibu wake kwa kusema namba.

Na wajibu wa Reichelt mwenyewe? Wanaomsifu husema aliubeba kikamilifu kwa kuwa hakumtanguliza mtu mwingine. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi; huyu alitaka kujinyoa, tena mbele ya wapiga picha. Naiheshimu nia yake ya kutomweka mwingine katika hatari. Lakini kuwa tayari kufa si sawa na kuwajibika, nami sioni kwa nini tunavichanganya. Kufa tayari kunataka sekunde 40. Kuwajibika kungetaka arudi nyumbani na sanamu yake katika gari, siku ile, mbele ya waandishi wa habari waliokwisha kuamka mapema na kusimama barafuni kwa ajili yake, akate upya kitambaa chake, arudi mwezi ujao. Siku mbili tu kabla yake, tarehe 2 Februari, Mmarekani mmoja, Law, alikuwa ameruka kwa mwavuli kutoka kwenye Sanamu ya Uhuru kule New York akatua mzima. Nadhani aibu ya kushuka ngazi ilimwogofya fundi wetu kuliko ukingo wa mnara. Katika sekunde zile 40 filamu inatuonyesha aibu hiyo ikipigana na akili, na kwa hilo, licha ya lawama zangu zote, naihesabu kuwa kazi yenye thamani.

Niliulizwa na mwalimu mmoja kijana kama inafaa kuonyeshwa wanachuo. Nilimwambia inafaa, ila aisimamishe pale mguu ulipo ukingoni, awashe taa, aandike ubaoni mita 57, na awaombe wanafunzi watafute muda wa kuanguka kabla hajaiendesha tena. Wakiacha kando uzuizi wa hewa watapata sekunde tatu na nusu kasoro.