Wasioonekana Nao Wahesabiwe

Kuhesabu wanyamapori kutoka angani ni kazi ya macho, na macho yana mipaka yake. Ndege ndogo inapita juu ya pori, waangalizi wamekaa nyuma, kila mmoja na dirisha lake, wakitaja wanachokiona. Nyati mia mbili mbugani hawampiti mtu. Tandala mmoja aliyesimama chini ya mgunga anapitwa kirahisi, na ndege haigeuki kumtafuta. Jioni fomu zinajumlishwa, na jumla hiyo ni ya walioonekana tu. Idadi ya waliopo ni jambo jingine, na kuna fani inayokataa kabisa kuzichanganya hizo mbili: matumizi ya regresheni ya lojistiki, yaani hesabu inayokadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana, katika sensa za wanyama. Naisifu kwa moyo wote.

Jibu la mwangalizi ni 1 au 0: ameona, au hakuona. Ukipitisha mstari ulionyooka katikati ya majibu hayo, hatimaye utakuambia kwamba kundi kubwa lina uwezekano wa asilimia 130 wa kuonekana, na mnyama wa kichakani ana uwezekano ulio chini ya sifuri. Mkunjo wa lojistiki, wenye umbo la herufi S, haufanyi upuuzi huo. Asili yake ni kanuni ya Mbelgiji Pierre-François Verhulst, aliyeitoa mwaka 1838 kueleza ongezeko la watu linalopungua kasi kadiri linavyokaribia kikomo. Mkunjo huo hauvuki 1 wala haushuki chini ya 0. Mnyama mmoja akijiunga na wenzake wawili, nafasi yao ya kuonekana inaweza kupanda sana. Akijiunga na mia, habadilishi kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Idaho, Marekani, katika utafiti wa Michael Samuel na wenzake uliochapishwa mwaka 1987. Walihesabu kwa helikopta elki, wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu, ambao baadhi yao walikuwa wamevalishwa kola za redio. Kundi lililopitwa na macho lilitafutwa kwa mawimbi ya redio, likajaziwa fomu sawa na lile lililoonekana: wako wangapi, na uoto umefunika kiasi gani cha mahali waliposimama? Mwisho wa fomu, 0. Sifuri hizo ndizo zilizofundisha zaidi, kwa sababu ndizo zilizoonyesha macho yanashindwa wapi. Ukubwa wa kundi na uzito wa uoto vikabainika kuwa na nguvu kubwa katika matokeo.

Tuseme hesabu imeonyesha kwamba elki wanne katika msitu mzito wana uwezekano wa 0.25 wa kuonekana. Kundi moja la namna hiyo likionekana, linawakilisha makundi manne, yaani wanyama 16. Kundi la 40 mahali peupe, lenye uwezekano unaokaribia 1, linabaki karibu 40. Kila nyongeza ina sababu iliyoandikwa, na mtu mwingine anaweza kuikagua. Uwezekano ukishuka hadi 0.05, kundi moja linageuka 20, shaka inakuwa kubwa, na mtafiti mwadilifu anaitangaza pamoja na idadi yake.

Kwetu Tanzania jambo hili lina uzito. Sensa ya pori la Selous ya mwaka 1976 ilikadiria tembo zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2013 ilikadiria takribani 13,000. Anguko kubwa kiasi hicho haliwezi kusingiziwa macho. Lakini maamuzi mengi ya hifadhi hutegemea tofauti ndogo zaidi. Tembo wakipungua kwa moja ya kumi, wamekufa, au wamehamia vichakani? Asiyepima uwezekano wa kuonekana hana njia ya kujua, na kwa kutojua huko doria zitapangwa mahali pasipostahili, na vibali vya uwindaji vitatolewa kwa kukisia.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya namba moja katika ripoti kuna kola, fomu na sifuri zilizotafutwa kwa jasho. Basi ukiletewa idadi ya wanyama, uliza: uwezekano wa kuwaona ulikuwa kiasi gani, na ulipimwaje? Mtafiti anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa.