Mlima Uliosogezwa: Picha 17 Kutoka Vermont

Zile picha 17 zilizobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha vijana, wengi wenu mmeshaziona. Zimetumwa na mwenzetu aliyekuwa akipiga picha za vitambulisho sokoni hapa Nyarugusu kabla hajapata safari. Sasa anakaa Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini kabisa mwa Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Alizipiga mwezi wa 3 na wa 4, pale baridi inapoanza kuachia lakini majani bado hayajatoka. Wenyewe wanauita msimu wa matope.

Siku ya kwanza mama mmoja alisimama mbele ya ukuta akauliza, "Kwani hii miti imekufa?" Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia pale. Haijakufa, mama. Kuna mti unaitwa mepo. Usiku ukiganda na mchana ukapata joto kidogo, maji yenye sukari yanatembea ndani yake. Watu wanautoboa, wanakinga ndoo, wanachemsha. Lita 40 hivi za maji hayo zinatoa lita 1 ya asali ya mti. Kwa nje unaona kuni tu.

Vijana wengine walisema hizi ni picha za kalenda. Nusu wana haki.

Picha 9 zimepigwa kwa lenzi ndefu, ile ya kuvuta mbali, milimita 300. Lenzi hiyo inaona upana wa nyuzi 8 tu hivi, yaani kama kuchungulia kwa tundu la bomba. Na mimi, niseme ukweli, nilikuja na kinyongo. Lenzi ndefu tunaijua hapa. Mgeni anasimama juu barabarani, anavuta, na nyumba zetu zinatoka zimebebana kama magunia ghalani. Foleni ya mgao inatoka fundo moja la vichwa. Umbali kati ya mlango wangu na wa jirani, bustani ya mchicha iliyo katikati, yote yamemezwa. Lenzi yenyewe haina uchawi: ukisimama mbali sana, cha mbele na cha nyuma vinakaribia kulingana ukubwa, na lenzi inakata kipande hicho kidogo na kukikuza. Lakini anayetazama picha Ulaya haelezwi hivyo. Anaona watu wasio na nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo nilishangaa kuona kifaa kilekile mikononi mwa mwenzetu kimekuwa adabu. Picha ya 4 ni ndege mweusi mwenye bega jekundu, ameshikilia bua kavu kwenye bwawa, mdomo wazi. Ndege hao huhama wakati wa baridi, na dume ndiye anayetangulia kurudi, anakuja kudai eneo lake kabla majike hawajafika. Ukimsogelea anaruka. Hapo kukaa mbali ni kumwachia pahali pake. Ndugu zangu wa mashirika wenye kamera ndefu, sikatai kifaa chenu. Nauliza tu kama sisi tungeruka mkija karibu.

Tatizo la picha hizo 9 ni kwamba zinafanana mno. Chipukizi jekundu, nyuma ukungu wa rangi ya maziwa. Tawi, ukungu. Ndege, ukungu. Sijui mpigaji amesimama wapi. Kwenye maegesho ya magari? Dirishani kwake? Josef Sudek wa Praha, aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya kwanza vya dunia, alianza mwaka 1940, mji ukiwa chini ya Wajerumani, kupiga picha kupitia dirisha la studio yake, akaendelea hadi 1954. Bustani ilikuwa ileile, mti uleule uliopinda. Lakini kioo chenye mvuke alikiacha kwenye picha. Unajua yuko ndani, unajua kuna baridi, unajua hajatoka. Mwenzetu anafuta dirisha lake kabla hatujafika.

Isipokuwa picha ya 7, na hii nimeirudia siku tatu. Ni Ziwa Champlain. Chini barafu inakatika vipande, katikati mstari wa maji meusi, na juu yake milima ya Adirondack, iliyo ng'ambo, jimbo la New York. Lenzi ndefu imeivuta mpaka imekaa juu ya barafu kabisa, kama mtu angeweza kuvuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Ni uongo, ziwa ni pana. Ila nani kati yetu aliyepitia Kigoma hajasimama ufukweni asubuhi, hewa safi baada ya mvua, akaiona milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika? Jicho la mtu aliyekimbia linafanya kazi hiyohiyo bila kioo chochote. Linasogeza. Nyuma ya picha ameandika kwa penseli: "Ziwa, saa 1 asubuhi." Basi. Angeongeza neno moja angeiharibu.

Picha 8 zilizobaki ni za lenzi kuukuu, Helios 44-2 ya milimita 58. Anasema aliinunua pamoja na kamera mbovu ya Zenit kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Ni kazi ya Usovieti, lakini mchoro wake umetokana na Biotar ya Carl Zeiss wa Jena, Ujerumani. Baada ya vita vya pili Wasovieti walichukua mitambo na michoro ya huko kama fidia. Kuna atakayetaka kuiita lenzi mkimbizi. Mimi sitaki, neno hilo lina kazi ya kutosha.

Lenzi hiyo haijilengi yenyewe. Unazungusha kwa mkono, unakwenda karibu, mwisho wake nusu mita. Kwa maua mafupi ya mwezi wa 4 maana yake ni kupiga magoti kwenye matope. Na ukifungua tundu lake lote, majani na mwanga wa nyuma vinazunguka kama maji yaliyokorogwa. Watu wanaipendea hilo, na hilo ndilo linalomponza. Katika picha ya 10, 12 na 13 mzunguko umekuwa bibi harusi, ua limekuwa mpambe. Ukiziangalia zikifuatana kichwa kinauma.

Ya 15 ndiyo imenishinda. Kuna mmea wa majimaji kule, unanuka ukiukanyaga, ambao ua lake hujipasha joto lenyewe na kuyeyusha theluji inayolizunguka. Hauitaji jua liuruhusu. Ameupiga kutoka juu kidogo: kichwa cha rangi ya ini, duara la tope jeusi, theluji pembeni, na majani makuukuu yanazunguka, safari hii kwa sababu, maana macho yanarudishwa kwenye lile joto katikati. Na kwenye kona ya kushoto, ncha ya buti la mpira. La kwake. Mtu aliyetupiga sote nyuso, mbele ya shuka la buluu, katika picha 17 ametupa binadamu mmoja tu, na ni kiatu.

Nilimpigia kumwuliza mbona hakuna watu. Akacheka, akasema ndege haombwi ruhusa kwa Kiingereza. Nikamwambia mvua zikianza hapa, kumbikumbi wakiruka, nitamtumia picha za simu yangu, mbovu hivyohivyo. Yeye anitumie moja ya mlango wake, kwa lenzi pana, aonekane jirani.

Picha ya 15 haipo ukutani tangu Jumanne, imebaki gundi tu. Aliyenayo aitazame vizuri, halafu airudishe.