Kikombe Kinasema Nini Kuhusu Mzalishaji wa Mbwa

Ukifika kwa mzalishaji wa mbwa ukakuta kabati la vikombe sebuleni, usivutiwe haraka wala usidharau. Sogea karibu usome kilichoandikwa. Mwaka gani, maonyesho gani, mbwa yupi. Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi huona aibu kuuliza: siku hiyo uwanjani mlikuwa na mbwa wangapi?

Nauliza hivyo kwa sababu ubishi kuhusu mbwa wa maonyesho, kuanzia Karen hadi Mbezi Beach, umekuwa wa pande mbili zisizosikilizana. Wapo wanaosema mzalishaji asiyepeleka mbwa wake kwenye maonyesho ni mchuuzi tu, anauza watoto wa mbwa kama bidhaa nyingine yoyote. Wapo wanaosema maonyesho ni anasa ya watu wenye muda wa kuchana manyoya, na mbwa wa kulinda boma hahitaji utepe. Mimi niko karibu zaidi na kundi la kwanza, ila nina sharti. Mzalishaji anayewajibika lazima awafikishe mbwa wake mbele ya watu wasiodaiwa naye kitu, wawakague kwa macho makavu. Uwanja wa maonyesho ni mahali pamoja pa kufanyia hivyo. Si mahali pekee, na kwa baadhi ya jamii za mbwa si mahali pazuri zaidi.

Tuanze na kile ambacho mwamuzi hukiona. Humfunua mbwa midomo, akatazama meno, ambayo kwa mbwa mkubwa huwa 42, na jinsi ya juu yanavyokutana na ya chini. Hupapasa mabega, kifua na mgongo. Kwa dume, huhakikisha korodani zote mbili zimeshuka, kwani dume mwenye moja hafai kupandisha. Kisha humtaka mwenye mbwa atembee naye, akimbie naye polepole, aende na kurudi, ili mwendo uonekane kwa nyuma, kwa mbele na kwa ubavu. Anapofanya haya yote, kichwani ana maelezo yaliyoandikwa ya jamii hiyo. Mchungaji wa Kijerumani, yule tunayemwita GSD, dume lake liwe na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani, na jike 55 hadi 60. Yule dume wa sentimita 72 ambaye muuzaji anamsifia kuwa "saizi ya simba" amekwisha kuanguka kabla hajapiga hatua.

Hapo ndipo faida ya maonyesho ilipo. Mtu anayeishi na mbwa wake kila siku huzoea kasoro zao hadi haioni tena ile miguu ya mbele inayopinda nje. Mgeni huiona kwa dakika mbili. Mzalishaji aliyewahi kusimama wa mwisho uwanjani, akarudi nyumbani akabadilisha dume la kupandishia, namwamini kuliko aliyeshinda mara zote.

Lakini mwamuzi hana eksirei machoni. Haoni kiungo cha nyonga kilicholegea, hasikii moyo, hajui kama mbwa huyo ana jeni itakayomlemaza akiwa na miaka 9, wala hajui anavyokuwa usiku mgeni akibisha geti. Utepe wa maonyesho ni kama kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo cha matatu: kina maana, lakini hakikuambii dereva ni nani.

Sasa rudi kwenye kikombe. Kuna mifumo miwili ya kuamua. Katika mmoja, unaotumika Uingereza na Marekani, mbwa hupangwa: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika mwingine, ulioenea bara la Ulaya, kila mbwa hupewa daraja lake mwenyewe na mara nyingi maelezo ya maandishi, halafu ndipo wapangwe. Kwa mnunuzi tofauti hii ni kubwa. Nafasi ya kwanza katika kundi la mbwa wawili ni nafasi ya kwanza, na kwenye nchi ambazo jamii fulani ina mbwa wachache, jambo hilo hutokea. Kikombe cha kundi la watoto wa miezi sita nacho ni kizuri kwa picha, lakini mbwa huyo bado hajakomaa mifupa. Kama yapo maelezo ya mwamuzi, yaombe uyasome. Sentensi moja isemayo kwamba mwendo wa nyuma ni dhaifu ina thamani kuliko kikombe chenyewe, na mzalishaji atakayekuonyesha sentensi hiyo bila kusita amekwisha kupata alama nyingi kwangu.

Mchungaji wa Kijerumani anastahili tukae naye kidogo, maana ndiye mbwa wa jamii anayenunuliwa sana huku kwetu, na historia yake imebeba ubishi wote huu.

Mwaka 1899, afisa wa zamani wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa mchungaji kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akamnunua na kumpa jina la Horand von Grafrath. Mwezi huohuo wa Aprili chama cha mbwa hao, kijulikanacho kwa kifupi kama SV, kikaanzishwa, na Horand akaandikwa wa kwanza kwenye daftari la ukoo. Angalia vizuri: jamii hii ilizaliwa kwenye maonyesho. Hata hivyo mwanzilishi wake alisisitiza maisha yake yote kwamba mbwa huyu ni wa kazi, na uzuri usio na kazi haukuwa na maana kwake.

Ndiyo maana utaratibu wa SV, kwa maoni yangu, ndio jibu bora lililowahi kutolewa kwa swali hili. Ili mbwa apite ukaguzi wao wa kuzalisha, daraja la maonyesho linahitajika, ila halitoshi. Lazima nyonga zipigwe eksirei na zikubalike. Lazima afaulu mtihani wa kazi: kufuata harufu, utii, na ulinzi. Na lazima akimbie kilomita 20 pembeni ya baiskeli, kwa kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa, kisha miguu ikaguliwe na aonekane bado ana nguvu. Hapo uzuri umepewa kiti chake mezani na haukuachiwa meza nzima.

Hata hivyo, mfumo mzuri hauzuii watu kufuata mtindo. Mwaka 1925 Stephanitz alimchagua Klodo von Boxberg kuwa bingwa. Mbwa wa wakati huo walikuwa wamerefuka miguu kupita kiasi. Klodo alikuwa mfupi zaidi na mrefu wa kiwiliwili. Ilikuwa ni amri bila kutamka neno, na wazalishaji waliielewa. Huo ndio uwezo wa maonyesho: mshindi mmoja hutafutwa na kila mwenye jike, na baada ya vizazi vichache sura ya jamii nzima imesogea. Ikisogea upande mzuri, ni baraka. Ikisogea upande mbaya, unapata mbwa aliyekuwa gumzo la Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 2016, jike wa GSD aliyeshinda katika jamii yake huku mgongo wake ukiteremka na miguu ya nyuma ikionekana kuyumba. Watu waliokuwa wakitazama televisheni, wasiojua lolote kuhusu mbwa, waliona tatizo.

Miaka minne kabla ya hapo, Crufts hiyohiyo ilikuwa imeanza kuwapitisha kwa madaktari wa mifugo washindi wa jamii 15 zilizokuwa zikitiliwa shaka kiafya. Washindi wa jamii 6 walikataliwa, wakiwemo Bulldog na Pekingese. Waamuzi waliwachagua, madaktari wakawarudisha.

Kwa hiyo jifunze kutazama mwenyewe. Picha ya mbwa wa maonyesho karibu kila mara imepigwa akiwa amesimamishwa kwa ustadi, mguu mmoja wa nyuma umevutwa mbali, shingo imeinuliwa na kamba. Kwa GSD mkao huo huzidisha mteremko wa mgongo au huuficha, kutegemea mkono wa aliyeshika. Omba mbwa aachiliwe asimame anavyotaka. Omba atembee pole, kamba ikiwa imelegea, akienda mbali nawe. Tazama vifundo vya miguu ya nyuma: vikigusana au kutikisika kama havina msumari, umeona ulichotaka kuona. Mtazame anavyoinuka kutoka kulala kwenye sakafu ya saruji. Mbwa wa miaka miwili hapaswi kuinuka kama mzee. Halafu mwangalie mama wa watoto, si baba tu. Baba anaweza kuwa dume la kukodi lenye sifa zote za dunia, lakini mama ndiye aliyelea hao watoto, na woga wake au ukali wake usio na sababu huwafikia kwa damu na kwa mfano.

Kuhusu makaratasi, cheti cha nasaba, kama kile kinachotolewa na East Africa Kennel Club ya Nairobi, kinakuambia mbwa huyu ni mtoto wa nani. Hakisemi ni mzima. Cheti cha nyonga ni karatasi nyingine. Ukikuta cha Uingereza, kila nyonga hupewa alama na jumla ya zote mbili huanzia 0 hadi 106. Ndogo ndiyo nzuri. Cha mfumo wa bara la Ulaya hutumia herufi A hadi E, na A ndiyo safi. Eksirei hiyo hupigwa mbwa akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja, kwa hiyo anayekuambia watoto wake wa wiki nane "wamepimwa nyonga" anakudanganya au amedanganywa. Kwa GSD uliza pia kuhusu kipimo cha jeni cha ugonjwa wa kuoza kwa uti wa mgongo, ule unaoanza kwa mbwa kuburuta kucha za nyuma uzeeni. Haya yote hayaonekani uwanjani, na kikombe hakiwezi kuyalipia.

Zipo jamii ambazo uwanja wake ni mwingine kabisa. Border Collie, mbwa wa kondoo wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza, aliumbwa na mashindano ya kuchunga, na chama chake cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1906 kimejali kazi kuliko rangi au masikio. Mzalishaji wa mbwa hao akiniambia hajawahi kwenda kwenye maonyesho ya urembo, sishtuki. Akiniambia hajawahi kuwapeleka mbwa wake mbele ya kondoo, naaga.

Halafu yuko Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, anayewindishwa msituni akiwa amefungwa njuga ya mti shingoni. Alitua kwenye maonyesho ya Uingereza mwaka 1937 na watu wakajaa kumwona. Waliomleta walikuwa wametoka Afrika na mbwa wachache mno, na kwa miongo kadhaa ulimwengu wote wa Basenji nje ya Afrika ulizalishwa kutokana na wachache hao. Matokeo yake ni ugonjwa wa figo uitwao Fanconi kuenea katika jamii. Hapa nawapa wapenda maonyesho haki yao. Ni haohao, watu wa vikombe na tepe, waliogundua kwamba mduara umekuwa mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi yao walisafiri hadi Zaire kuleta damu mpya kutoka vijijini, na mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake la ukoo kuwapokea. Mbwa waliokuwa wakiwinda Kongo bila cheti chochote ndio walioitwa kuwaokoa mabingwa. Mzalishaji wa pekee, asiyehudhuria chochote na asiyejuana na wenzake, asingeweza kuliona tatizo hilo, maana lilionekana tu ulipoweka mbwa wa watu wengi pamoja.

Basi ninunue mbwa kwa nani? Mwenye vikombe vingi ambaye jike wake amezaa kila joto bila kupumzika, ambaye mbwa wake wanaishi kwenye vizimba wasichakae manyoya kabla ya maonyesho, na ambaye hana karatasi hata moja ya daktari, simtaki hata kwa nusu bei. Asiye na kikombe, lakini ana eksirei za wazazi, mbwa wake wamefaulu mtihani wa kazi mbele ya mkufunzi asiye ndugu yake, na anakupa simu za watu walionunua kwake miaka mitano iliyopita, huyo namsikiliza. Mwenye vyote viwili ni nadra, na bei yake ni kubwa kwa sababu za kweli.

Kabla hujapoteza mafuta ya gari kwenda kumwona yeyote kati yao, mpigie simu. Mwambie akutajie mbwa mmoja mzuri wa kwake ambaye ameamua kutomzalisha, na sababu. Mzalishaji wa kweli ana jibu papo hapo: jike mzuri kwa sura ila ana woga, dume aliyeshinda uwanjani lakini nyonga zikakataa. Anayekuambia mbwa wake wote ni wa kuzalisha, mshukuru kwa muda wake, kata simu, upige namba inayofuata.