Kisu kwenye Lipu Mbichi

Watembeza wageni wanaopanda kutoka Bububu hadi Kidichi, Unguja, wana hadithi yao moja, na wanaisimulia vizuri. Mwaka 1850 Sultani Seyyid Said alimjengea hamamu mkewe Shahrzad, mjukuu wa Fat'h Ali Shah wa Uajemi, wapate pa kukoga na kupumzika wakitoka kuwinda au kukagua mashamba. Binti wa kifalme, farasi, mawindo, kisha talaka na safari ya kurudi kwao. Mgeni aliyekwisha kunusishwa hiliki na mdalasini shamba la jirani hatamani zaidi ya hapo. Ukuta wa ndani, wenye maua na ndege waliochongwa kwenye lipu, huambulia sentensi moja, tena watu wakiwa wameshaanza kutoka.

Aliyenirudisha mimi ndani ni mtu nisiyemjua hata jina, fundi wa Kiirani aliyejitokeza kwenye simu yangu usiku, baada ya taarabu niliyokuwa nikiisikiliza kwisha. YouTube haikuniuliza. Iliamua yenyewe kwamba anayependa nyuzi za kanuni atapenda na kisu. Video haikuwa na maneno: mikono miwili, ukuta mweupe, vumbi. Nikaimaliza, nikafungua nyingine, na sasa mtandao umeshanizoea. Kila nikishika simu naletewa wachongaji wa Yazd na wa Fes, na katikati yao Mjapani anayenoa msumeno, ambaye naye nimejikuta nikimtazama.

Kwa video hizo ndipo nilipoelewa kazi inavyoanza. Mchoro hutiwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi hutobolewa kwa sindano juu ya kila mstari, tundu moja baada ya jingine. Hubandikwa ukutani, na fundi huipigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa. Karatasi ikibanduliwa, ua limebaki ukutani kwa vitone vyeusi. Kisu huviunganisha vitone kwa mkato wa wima, halafu kinaanza kushusha chini kila kisichokuwa ua. Hapo nilisimamisha video nikarudi nyuma. Siku zote nilidhani ua huongezwa juu ya ukuta, kumbe ukuta ndio unaoondolewa, na ua ni kile ambacho kisu kimekisamehe.

Jasi wanayotumia Wairani huganda kwa dakika chache tu. Kwa tabaka la mwisho fundi huikoroga kwa maji mengi na haachi kukoroga, mkono ukizunguka ndani ya beseni hadi jasi iishiwe ukali wa kuganda. Ikishalegea hivyo huenea laini na kumpa muda. Mkorogo wenyewe hauna uzuri wowote wa kutazama, na watengeneza video karibu wote huuruka.

Nikaenda hamamuni na tochi ya simu. Ukiimulika nakshi kwa mbele huoni kitu, weupe unameza weupe. Ilaze tochi ubavuni, karibu iguse lipu, mwanga upite juu ya uso wa ukuta. Mara kila mkato unatoa kivuli chake. Jani lililoonekana sawa na mwenzake lina mteremko mrefu zaidi upande mmoja, na ukingo wa ua hili ni mkali wakati wa lile umepooza. Unyevu umekula pengine, na pengine huenda chokaa iliyopakwa baadaye imejaza mifereji midogo, lakini bado zipo sehemu ambapo kisu kinasomeka, kilipoingilia na kilipotokea.

Wengi huamini kwamba waliochonga walikuwa Waajemi, na sababu yao kubwa ni wale ndege, kwa kuwa fundi wa pwani hakuwa na desturi ya kuchonga kiumbe hai. Hoja ina uzito. Nenda Hamamni, Mji Mkongwe, hamamu ambalo Haji Gulamhussein alisimamia ujenzi wake kwa amri ya Sultani Seyyid Barghash: kuta ni tupu, hakuna hata jani. Ila nisingependa mtu aondoke Kidichi akidhani kuchonga lipu kulitufikia kwenye jahazi la bibi harusi. Nyumba za Lamu na Pate za karne ya 18 zina zidaka ukuta mzima, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye chokaa yetu wenyewe, itokanayo na matumbawe.

Chokaa hiyo ina mwendo wake. Magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moto unawashwa, na tanuu likishapoa mawe meupe humwagiwa maji hadi yapasuke na kuwa unga. Kisha huchekechwa na kuachwa ilale na maji yake, na kadiri inavyolala ndivyo inavyonata na kuteleza chini ya mwiko. Hata ikishapakwa haijamaliza. Hugeuka kuwa jiwe tena polepole, kwa hewa inayoivuta. Ndiyo maana naumia nikiona ukuta wa zamani ukizibwa kwa saruji. Saruji inawahi, lakini inafungia maji ndani ya matumbawe, na baada ya misimu michache ya masika lipu inabambuka na vipande vya ukuta.

Video nyingi zimebandikwa muziki wa kinanda usio na kwao. Nikazima sauti, nikaweka bashraf, na ukuta wa Kidichi ukanifungukia kwa njia nyingine. Bashraf ina sehemu zinazobadilika, khana, na kila khana ikimalizika kundi zima linarudi kwenye kipande kilekile, taslim. Klabu kongwe za taarabu kama Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, zimezoea kufungulia onesho kwa muziki wa namna hii, kabla mwimbaji hajasimama, na kwa miaka mingi huo ndio muda niliokuwa nikienda kununua kahawa. Sasa nasubiri taslim irudi. Kwa mpigaji kanuni, ambaye kila sauti yake ni nyuzi tatu zilizolinganishwa zitoe mlio mmoja, marudio hayo hayawi nakala: safari hii atatetemesha kidogo, safari ile atatangulia nusu pumzi. Ua la Kidichi linarudi ukutani vivyo hivyo, na lile la tatu halikuchongwa na mtu aliyechoka kulichonga la kwanza.

Lawama yangu kwa mtandao ni moja. Unaharakisha. Kazi ya wiki nzima inapitishwa kwa dakika kumi, mikono inarukaruka kama ya wanasesere, na jasi inalainika bila ya mtu kuikoroga. Natamani mtu wa Makunduchi au Bwejuu aweke simu mbele ya tanuu la chokaa na kuiacha irekodi tangu kibiriti hadi unga, usiku na mchana, bila kukata wala kubandika muziki. Najua watazamaji watakuwa wachache mno. Bando langu nitanunua mwenyewe.