Aliye Chini ya Gari

Oktoba 2024 Land Rover, kuukuu na mpya, zilifurika Arusha kujaribu kuivuka rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Kamera zilifuata rangi. Fundi hakuwamo pichani.

Fundi kama huyo yuko hata Nyamongo, mkoani Mara, chini ya Land Rover, mgongo juu ya boksi lililokatwa, vumbi likimwingia machoni.

Bodi ya alumini hailiwi na kutu. Chasi ya chuma ndiyo huliwa kimyakimya, hasa matope yanapotuama. Fundi huigonga kwa nyundo na kusikiliza: ikilia kama debe bovu, hukata na kuchomelea kipande kipya. Nati ikigoma, huilowesha dizeli hadi kesho. Gasketi haipo dukani? Huchonga yake kwa karatasi ngumu, polepole, mwenye gari akiuliza saa.