Pesa Ndani ya Pesa

Faranga moja ya Katanga ya mwaka 1961 ni sarafu ya bronzi. Upande mmoja ina ndizi, upande wa pili ina msalaba wa miguu minne. Hapa Kirungu, ambako mmisionari Victor Roelens alianzisha misheni mwaka 1893, ni rahisi kudhani kwamba huo ni msalaba wa kanisa. Sivyo. Huo ni msalaba wa mukuba, yaani wa shaba, pesa ya wazee wetu.

Kazi ya kuutengeneza ilifanyika kiangazi. Mawe ya kijani yalichambuliwa, makaa yakachomwa, tanuru likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi ikapulizwa bila kupumzika. Shaba ilipolainika kama uji ilimiminwa katika kalibu iliyo wazi. Fundi hakuwa na mizani, jicho lake ndilo lililopima. Hata hivyo, makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, yanaonyesha jinsi mkono ulivyozoea: misalaba mikubwa iliwekwa kifuani mwa marehemu, na kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, inayofanana, ya kuhesabika. Pambo likageuka pesa.

Roma nayo ilipita njia hiyo. Ilianza na mapande ya shaba ya kupimwa kwa uzito, ikaja kuyachora ng'ombe, mpaka ikafikia sarafu ya mviringo yenye mungu Janus wa nyuso mbili na omo ya merikebu. Ng'ombe yule alikuwa mali ya zamani iliyochorwa juu ya mali mpya. Ndivyo ulivyo msalaba juu ya faranga: pesa inayomkumbuka bibi yake.

Serikali ya Katanga iliyotoa faranga hiyo ilijitenga na Kongo Julai 1960, na Waluba wengi wa kaskazini waliikataa. Ilizimika Januari 1963. Lakini msalaba haukuwa mali yake. Ulikuwa wa wavukutaji, na umedumu kuliko bendera iliyouazima.

Ukiikuta faranga hiyo katika sanduku la babu, usiisugue kwa mchanga wala ndimu. Weusi ule si uchafu, ni ngozi ya bronzi. Ukiutoa, unaondoka na mistari ya mchongaji.