Acha Tangi Lipumue

Land Rover ya 109 humkalisha dereva juu ya petroli. Katika pikapu za Series II na III, tangi limelala chini ya kiti cha kulia, na kati ya dereva na lita zake 45 pana mto wa kiti na kibati chembamba, basi. Ndiyo maana wenye magari haya huku Kasulu na Kibondo wana pua kali. Wakinusa tu, wanajua leo mafuta yanatoka upande gani.

Juzi nilimpelekea fundi mmoja pale Kasulu 109 ya rafiki yangu, inayonuka mpaka nguo zinanuka. Hakushika spana. Alifuta mikono, akauliza: "Mzee, inanuka ikiwa imejaa, au hata ikiwa nusu? Na inanuka ukienda, au ikiwa imesimama juani?" Nilipomjibu kwamba inanuka zaidi ikijaa, hasa nikikata kona ya kushoto, alicheka kidogo, akainama ubavuni nyuma ya mlango. Kona ya kushoto huyasukuma mafuta kulia, na kulia ndiko kwenye shingo ya kujazia. Alikuwa amekwisha kulijua tundu kabla ya kuliona.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Fundi anayeanza kufungua kabla ya kuuliza atakufungulia na visivyohusika.

Kandokando ya mpira mnene wa shingo unapita mwembamba, wa unene wa kidole hivi. Huo ndio wa kupumulia. Ukijaza mafuta, hewa iliyomo hutokea humo. Bila huo petroli ingekurudia usoni. Injini ikiwaka mambo yanageuka: pampu inanyonya mafuta, na nafasi iliyoachwa lazima ijazwe na hewa kutoka nje, ambayo kwenye magari mengi ya zamani huingilia katika kitundu cha mfuniko. Kwa hiyo tangi lina pumzi mbili, ya kutoa na ya kuingiza. Uvujaji mwingi unaoitwa "tangi limetoboka" ni pumzi tu inayotokea mahali pasipo pake.

Hapo ndipo mafundi wabovu wanapojulikana. Wakiona unyevu wanaziba. Nimeona kitundu cha mfuniko kimejazwa gundi ngumu. Nimeona mpira wa kupumulia umekunjwa ukafungwa waya kama mfuko wa sukari. Na kwa kuwa huku ni nchi ya asali, nimeona pia nta ya nyuki imesokotwa tunduni, kazi safi ya kutazama. Harufu inaisha kweli, siku hiyo. Lakini petroli huyeyusha nta, na nta iliyoyeyuka husafiri na mafuta mpaka kwenye vitundu vya kabureta, ikaganda huko. Tangi lisilovuta hewa nalo hukaza: gari linakwenda nusu saa, linakohoa, linazima, linapumzika, linawaka tena. Mwenye gari anabadilisha pampu, anabadilisha plagi, anamlaumu mwuza mafuta. Kijana wa bodaboda angemwambia jibu bure, maana pikipiki ikizima hivyo yeye hufungua mfuniko wa tangi, akasikiliza "fyuu", akaondoka.

Basi ukipokea gari, jambo la kwanza ni hilo. Endesha nusu saa, simama, zima, legeza mfuniko polepole na sikio karibu. Kimya, au pumzi hafifu sana, ni sawa. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, umetengenezewa chupa, hujatengenezewa tangi. Usilipe.

Nchi yenyewe nayo ina neno. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Kasulu iko kama mita 1,300, na Kibondo ni juu zaidi. Ukijaza Kigoma mjini ukapanda, hewa ya nje inapungua uzito kila unapopanda huku mvuke ulio tangini ukitafuta pa kutokea. Petroli yenyewe huvimba, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Mafuta yaliyotoka baridi kwenye tangi la ardhini, yakakaa juani mpaka yakapanda nyuzi 20, katika lita 45 yameongezeka karibu lita nzima. Ukijaza mpaka mdomoni, lita hiyo itatoka tu, hata fundi awe nani. Hili nalisema kwa kuwatetea mafundi: nusu ya wateja wanaorudi wakilalamika wangepona kwa kuacha nafasi ya vidole vinne.

Sasa mpira wenyewe. Ukunje kwa vidole karibu na ncha, utazame mgongo wa mkunjo. Nyufa nyembamba kama za kisigino ni mpira uliokufa, hata kama umepakwa mafuta ukang'aa. Kata kidogo ukiruhusiwa: wa mafuta una nyuzi katikati ya tabaka mbili, na ndani ni mweusi laini. Ule mweupe wa plastiki wa kumwagilia bustani unapendwa kwa sababu unaonyesha mafuta yakipita, lakini baada ya miezi unakuwa wa njano, mgumu kama fimbo, kisha unapasuka pale pale kwenye klipu. Tyubu ya baiskeli ni ya kukufikisha nyumbani tu. Petroli huivimbisha ikawa kama nyama iliyolowa, ukiibonyeza dole gumba linaacha shimo.

Klipu nayo isome. Waya hukata mpira polepole kila gari linapotetema. Klipu kubwa ya bisibisi kwenye mpira mwembamba haibani mviringo. Inabana umbo la yai, na pale pembeni pa yai ndipo mvuke hupita. Fundi anayejua ataweka ya springi, au ndogo inayolingana, na ataifunga nyuma ya kile kivimbe cha ncha ya bomba. Ikikaa juu ya kivimbe chenyewe itateleza. Ni jambo la milimita chache, na mara nyingi ndilo hutenganisha kazi ya mwaka na kazi ya wiki.

Kisha njia ya mpira. Mahali hapa nikitazama kazi ya mtu nakaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mpira wa kupumulia unatakiwa upande moja kwa moja bila tumbo. Ukilegea ukaning'inia katikati, petroli hutulia humo, na petroli iliyotulia ni kizibo kama nta tu. Nikiona tumbo najua fundi alikata mpira mrefu akaona uvivu kupunguza. Nikiona umenyooka kama uzi wa fidla, najua ameupunguza kupita kiasi, na siku kiwiliwili cha gari kikijinyonga kwenye korongo utachomoka.

Kama uvujaji uko kwenye bomba lenyewe la tangi, pale linapoungana na bati, kazi inageuka ya moto, na hapo sitanii. Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Fundi wa kweli hulitoa garini, hulimwaga, hulichemshia maji ya sabuni ndani mara kadhaa, hulianika wazi, kisha akifanya kazi hulijaza maji mpaka karibu na pa kulehemu ili mvuke usipate mahali pa kukaa. Akitaka kulehemu tangi likiwa bado chini ya kiti, chukua ufunguo wako uondoke. Wala usibishane naye.

Lehemu nzuri huonekana kwa jicho. Risasi imetambaa ikaingia kwenye kiungo, ukingo wake ni mwembamba, uso unang'aa. Iliyokaa donge kama tope la nyigu imekaa juu tu, haikushika, kwa sababu bati halikusafishwa au halikupata moto wa kutosha. Yenye rangi ya jivu na chembechembe ilitikiswa kabla ya kuganda. Ukiona unga mweupe au wa kijani kuzunguka kiungo baada ya siku chache, asidi haikuoshwa, na kutu imeanza.

Nimetaja nyigu si kwa utani. Fundi yule wa Kasulu alipovuta mpira wa zamani wa kupumulia wa 109, aliupuliza, haukupitisha kitu. Aliupasua kwa wembe kwa urefu: ndani kulikuwa na vyumba vitatu vya udongo mwekundu, vimepangwa kama gunzi, na katika kimoja buibui mkavu. Gari lilikaa uani miezi mingi mpira ukiwa umechomoka ncha moja, nyigu wakajenga. Kwa hiyo ufa tuliokuwa tukiunusa ulikuwa matokeo. Mvuke ulikosa njia, ukatengeneza yake. Fundi mwingine angebadilisha mpira uliopasuka, akapata pesa yake halali, asijue kwa nini ulipasuka. Yule aliendelea akafungua mfuniko pia, akachokonoa kitundu kwa unywele wa waya wa breki ya baiskeli, akapuliza.

Kupima alitumia mdomo na maji ya sabuni, basi. Kompresa haifai hapa. Hulivimbisha tangi na kufungua mishono iliyokuwa mizima. Povu likitoka kubwa na kupasuka, tundu ni kubwa. La kuogopwa ni lile jeupe dogodogo linalokua taratibu kama maziwa yanayotaka kuchemka, maana watu hulifuta wakidhani ni sabuni tu.

Zamani barabara ya vumbi kati ya Kasulu na Kibondo ilikuwa mkaguzi wa bure. Ulifika Kibondo, ukalala chini ya gari, na mahali popote penye unyevu vumbi jekundu lilikuwa limeganda kahawia iliyoiva; hukuhitaji sabuni wala sikio. Land Cruiser za dizeli zilizotoka kwenye minada ya mashirika ya wakimbizi zilionyesha vizuri zaidi, kwa kuwa dizeli haikauki. Lami inavyosogea, mkaguzi huyo anastaafu, na kazi mbovu inaishi muda mrefu kabla ya kuonekana. Mimi bado hupita njia ya shamba ya matuta, na tangi likiwa robo tatu, kisha naliacha gari lilale limefungwa madirisha. Asubuhi, kabla ya chai, nafungua mlango wa kulia na kunusa. Ile 109 siku hiyo ilinuka viti vya zamani na mbuzi.